Yaya, ni filme tu, sasa unalia nini?

Mimi ni mwanaume mzima, mkaaji wa Bukavu, na ninaliaka mbele ya televizyo. Wadogo zangu wamenicheka juu ya ile mpaka wamechoka: "Yaya, ule hakufa bwana, utamuona tena mu filme ingine!" Na ni kweli, hizi filme za Nigeria unaweza kumzika mtu siku ya posho, siku ya yenga unamuona tena iko anaoa.

Sasa kama tunajua ni uongo, machozi inatoka wapi? Mwaka 1975 mwanafalsafa mmoja Mwingereza, Colin Radford, aliuliza swali hiyo hiyo, akamaliza kwa kusema kwamba kulia juu ya mtu ambaye hajawahi kuwepo ni kujipinga sisi wenyewe. Mimi naona huyu mzee hakuwahi kukaa mu saloni moja ya Kadutu siku umeme iko, majirani wamejaa mpaka mlangoni na mama mmoja anapigia televizyo makelele "we mtoto, usipite pale!" Ule mama anajua vizuri sana kama ni filme. Anajua, na bado roho inamuuma, na hivyo viwili havigombani hata kidogo.

Angalia tu ni saa gani unalia. Mimi mara nyingi si pale mtu anakufa. Pale muziki inapanda, mgonjwa anashika mkono ya bibi yake na anatoa hotuba ndefu kuliko mgonjwa yeyote nimewahi kumuona hospitali, pale ninakaaka macho makavu, hata nakasirika kidogo, juu naona kabisa wananivuta machozi kwa nguvu. Ninalia nyuma yake. Mama anapakua bugali na sambaza, anagawia watoto, halafu anafunika sahani moja anaiweka pembeni juu kijana yake atachelewa kurudi, na sisi tumeshaona hatarudi. Yeye hajui, sisi tunajua, na hatuna namna ya kumwambia. Ni pale koo inafunga. Bibi yangu alikuwa anajua hii kazi bila picha wala muziki: mu migani yake ya jioni yatima anaimba kumuita mama yake, na sisi watoto ndio tulikuwa tunamuitikia, sasa utaitikia namna gani na sauti imeshakatika?

Kuko sababu ingine, hii nimeiona kwangu. Mama mkubwa aliyenilea alipofariki, kwa kilio mimi ndiye nilikuwa nakimbia: viti, makala ya kupikia, sanduku, michango, wageni wanatoka Uvira, nani atalala wapi. Watu wakasema kijana huyu ana moyo mgumu. Hapana, sikuwa na nafasi tu. Miezi ikapita, jioni moja mu filme bibi mzee ambaye hata hafanani naye akakunja kikwembe polepole akakiweka mu valizi, basi, nililia mpaka mdogo wangu akapunguza sauti, hakuna aliyecheka siku ile. Filme haikuombi kitu, hakuna wa kupokea, hakuna anayekuangalia kama unalia ya kutosha ao hapana, unalia tu, na mara nyingi yule unalia si yule wa filme.

Aristotle, Mgiriki wa zamani, zaidi ya miaka 2,300 imepita tangu aandike kwamba tamthilia ya huzuni inaamsha huruma na woga, na kwa njia hiyo inatusafisha. Sawa, ila kusafika haikuje palepale. Watafiti wa chuo kikuu cha Tilburg, Uholanzi, mwaka 2015 walitoa matokeo yao: waliwaonyesha watu filme za huzuni, na wale waliolia walijisikia vibaya zaidi filme ilipoisha, nyuma ya dakika 20 wakarudi vile walikuwa, na nyuma ya dakika 90 wakajisikia vizuri kuliko mbele ya kuanza. Ndiyo maana nawaambia rafiki zangu, usianze filme ya vile saa tano ya usiku halafu filme inaisha unazima taa unalala na ule uchungu mu kifua. Anza mapema, ikiisha kunywa chai, ongea na watu, hata bishaneni kama kijana angeweza kupona. (Umeme ikikatika mbele ya mwisho, ile ni mateso ingine, tuiache.)

Na chagua mtu wa kuangalia naye. Kama ni mtu wa kukurekodi na telefone ukiwa unalia, afazali uangalie peke yako.

Watoto je? Akikuuliza "alikufa kweli?" mwambie ukweli, yule mwigizaji ni mzima, amerudi kwake. Ila usimkaripie "acha kulia, ni uongo", juu uchungu yake si uongo, na pengine anafikiria bibi yake ao yule mwanafunzi mwenzake, muulize.

Kama machozi imepita filme, wiki zinaenda hulali, huli, ile si mambo ya filme tena, tafuta mtu wa kumuongelesha, mkubwa wa familia, pasta, ao muganga wa hospitali. Na kama nyumba iko na kilio ya kweli, msiwawekee watu filme ya kifo ati iwasaidie kulia. Wakiitaka wataiomba wenyewe.