Probox kukosa nguvu: usikimbilie sensa mpya

Ndugu yangu, Probox yako kukosa nguvu tangu utoke Marafa, na mashine ya kupimia hitilafu kusoma kodi (namba ya hitilafu) P0171, si lazima sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, imekufa. Kodi hiyo inasema tu hewa imezidi petroli. Anza na ule mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la filta kwenda injini: ukunje kwa mkono, maana nyufa hujificha ndani ya mikunjo, na hewa inayoingilia hapo sensa haiihesabu.

Mpira ukiwa mzima, zima gari, chomoa plagi ya sensa, fungua skrubu zake mbili. Ndani mna kiwaya chembamba kama unywele. Kikishika vumbi husoma hewa pungufu. Kipulizie dawa maalumu ya sensa za hewa, si ya kabureta wala petroli, na tafadhali usikiguse hata kwa kitambaa! Kiache kikauke kabisa kabla ya kurudisha. Tazama na pini za plagi, chumvi ya bahari hapa Malindi huzitia kutu ya kijani. Weka filta safi, futa kodi, endesha. Ikirudi, pima kwanza presha ya petroli.