Mwenye Tuzo Nyingi za Uigizaji Bora katika Tuzo za Taifa za Filamu za India
Ni Shabana Azmi, wala si Amitabh Bachchan kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa Shabana ametwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mara 5, kwa filamu za mwaka 1974, 1982, 1983, 1984 na 1998, ilhali Amitabh ameipata ile ya wanaume mara 4, ya mwisho ikiwa kwa filamu ya Piku ya mwaka 2015. Kushinda miaka 3 mfululizo, katika tuzo zinazoshindanisha filamu za lugha mbalimbali za India na si za Kihindi peke yake, ni mafanikio yasiyostahili kupuuzwa hata kidogo. Izingatiwe tu kwamba miaka hiyo ni ya filamu zenyewe, kwani sherehe ya kukabidhi tuzo hufanyika baadaye.