Wasomaji Wauliza: Mezze, Wakwe na Shisha ya Edgware Road

Barua tatu tulizozipokea mwezi huu zimetoka katika miji mitatu tofauti, lakini zote zinaitazama meza moja: ile ya mkahawa wa vyakula vya nchi za Mediterania, wenye sehemu ya shisha ubavuni. Nimezijibu kwa pamoja kwa kuwa jibu la mmoja linaweza kumfaa mwingine.

SWALI: Assalaam aleikum, Bi. Mhariri. Mimi ni mama wa miaka 58, mkazi wa Mombasa. Binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe, anafanya kazi London na amechumbiwa na kijana wa familia ya Kilebanoni. Mwezi ujao nitasafiri kwenda kuonana na wakwe, nao wametualika katika mkahawa wa vyakula vya kwao ulioko Edgware Road, ambako, kwa maelezo ya binti yangu, watu hula kwanza kisha huhamia upande wa shisha. Vyakula hivyo sijawahi kuvila, na shisha siitaki kabisa. Naogopa kumwaibisha binti mbele ya watu. Nikae vipi mezani, na nikatae vipi bila ya kuwavunjia heshima wenyeji wangu?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu, na hongera kwa kumlea binti hadi kufikia hatua hii. Hofu yako naielewa, ila upande wa chakula nakuomba uiondoe, kwa kuwa meza utakayokaribishwa ina undugu wa karibu na sinia ulilolizoea. Edgware Road ni barabara inayoanzia Marble Arch, pembeni mwa bustani ya Hyde Park, na imenyooka kama uzi kwa sababu inafuata njia iliyojengwa na Warumi. Tangu miaka ya 1970 Waarabu kutoka Lebanon, Misri, Iraq na nchi za Ghuba wamefungua huko mikahawa na maduka yao, na ukipita jioni utasikia Kiarabu kila upande na kunusa nyama ya kuchoma iliyotiwa kitunguu saumu. Mwanamke wa Mombasa hawi mgeni sana mahali kama hapo.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hutaletewa sahani yako peke yako. Karamu ya Kilebanoni hufunguliwa kwa mezze, yaani visahani vingi vidogo vinavyojaza meza, vya baridi vikitangulia na vya moto vikifuata, na kila aliyeketi hula kutoka katika kila kisahani. Utaiona hummus, ambayo ni dengu nyeupe zilizochemshwa na kupondwa pamoja na ufuta uliosagwa, ndimu na kitunguu saumu, ikiwa imetandazwa vizuri na kuchimbwa kijito katikati kinachojazwa mafuta ya zeituni. Utaiona mutabbal, ambayo ni biringanya iliyochomwa juu ya moto mpaka ganda likawa jeusi, ndiyo maana ina harufu ya moshi hata ikiwa baridi. Tabbouleh itakushangaza kidogo, kwa kuwa ni majani mabichi yaliyokatwakatwa, yanayofanana na kotimiri ingawa ladha yake si ile, yakachanganywa na nyanya, ndimu na ngano iliyopondwa. Na ikiletwa sambousek utamtambua ndugu wa sambusa kabla hujaambiwa jina.

Mkate ndio kijiko chako. Nilipokula huko mara ya kwanza, meza ya jirani alikuwapo mzee mmoja ambaye nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwa mhudumu. Alimega kipande cha mkate mwembamba kwa mkono wa kulia, kipana kama viganja viwili vya mtoto, akakikunja kwa vidole vitatu mpaka kikawa na tumbo kama la upawa mdogo, akachota hummus kutoka ukingo wa kisahani ulio upande wake, kisha akakila chote kwa mara moja. Hakukirudisha kipande kilichoumwa, wala hakuchimba katikati, na ule mto wa mafuta ulibaki mahali pake hadi mwisho. Fanya hivyo hivyo nawe utaonekana umezaliwa nao.

Kosa ambalo wageni wengi hulifanya, nami nililifanya, ni kushiba mapema. Mezze ni utangulizi tu, na baada yake huja nyama: mishkaki ya kuku iliyolala katika mtindi na kitunguu saumu, kofta ya kondoo, pengine na mbavu. Mwenyeji wako atakuongezea bila ya kukuuliza, na atakwambia “sahtein”, maana yake akuombea afya mara mbili. Neno hilo na neno letu “siha” lina asili moja. Kula kidogo kidogo kutoka kila kisahani, usifu waziwazi, na ubakishe chakula kidogo katika sahani yako unapotosheka, kwa sababu sahani tupu ni sawa na kuomba kuongezewa.

Yapo mambo matatu ya kumwomba binti ayaulize mapema, kimyakimya, kabla ya siku yenyewe. Aulize kama nyama ni halali, kwa maana mikahawa mingi ya huko huiuza lakini si yote. Aulize kama mkahawa unauza pombe, kwa kuwa Walebanoni wana kinywaji kiitwacho arak, ambacho ni kileo kikali kisicho na rangi na ambacho hugeuka cheupe kama maziwa kinapotiwa maji, na mtu asiyekijua anaweza kukidhania kitu kingine. Kama una mzio wa chakula chochote, aseme, kwa sababu ufuta na ngano vimo karibu katika kila kitu. Sheria ya Uingereza inataja vyakula 14 vinavyosababisha mzio, ufuta ukiwa mmojawapo, na mkahawa una wajibu wa kumweleza mteja vilipo.

Sasa niingie kwenye shisha, ambayo nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Katika desturi ya Waarabu, kukupitishia mpira wa shisha ni ukarimu wa aina ileile ya kukumiminia kahawa, na kwa hiyo anayekupa hana nia ya kukujaribu wala kukulazimisha. Ukataaji wake nao una adabu yake, ambayo ni rahisi kuliko unavyofikiri: weka mkono wa kulia kifuani, inamisha kichwa kidogo, useme “shukran”. Ishara hiyo kila mtu mezani ataielewa, na hakuna atakayekuuliza sababu. Usitoe hotuba kuhusu madhara ya tumbaku, kwa maana siku ya kuonana na wakwe si siku yake, na usivute hata mara moja kwa ajili ya kuwaridhisha watu, kwa sababu ukivuta mara moja utapewa tena. Wakati wengine wanahamia upande wa shisha, omba kahawa. Italetwa katika kikombe kidogo, nzito na mara nyingi yenye iliki, nawe uinywe polepole na uache mashapo chini. Ninaamini kabisa kwamba mama wa kijana atabaki nawe, na mazungumzo yenu wawili juu ya kikombe hicho yatafaa kuliko yote ya jioni ile.

Kuhusu malipo, waliokualika ndio watakaolipa, na kunyang’anyana hati ya malipo ni sehemu ya heshima: jitolee mara moja kwa dhati, wakikataa shukuru. Huko London mkahawa huongeza ada ya huduma katika hesabu, mara nyingi asilimia 12.5, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri aifikishe bakshishi yote kwa wafanyakazi. Ukitaka kumwachia mhudumu chochote cha ziada ni hiari yako. Zawadi uipeleke ya nyumbani, na kwa maoni yangu halua nzuri ya Mombasa itapokewa kwa furaha kubwa mezani hapo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, naishi Leicester na nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu na rafiki zake hupenda kwenda kila Ijumaa katika mkahawa wa Kituruki wenye shisha nje, chini ya turubai. Mimi napenda chakula chao, lakini moshi unanitia wasiwasi. Mume wangu anasema moshi wa shisha umeoshwa na maji, na kwamba ile ya matunda haina neno. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada yangu, na ningependa mume wako aisome sehemu hii mwenyewe, kwa kuwa naona anasema anachokiamini na wala hakudanganyi.

Wazee wetu wa pwani walikijua chombo hiki kabla ya mikahawa hii, na walikuwa na jina kwa kila kiungo chake. Tumbaku iliwekwa katika bori. Moshi ulishuka kwa digali mpaka ndani ya kiko, ambacho kilikuwa kifuu cha nazi chenye maji. Kisha ukavutwa kwa mdakale hadi kinywani, na ule mlio wa maji yanayochemka kwa pumzi ukaitwa malio ya kiko. Shisha ya leo ni hicho hicho, ila kifuu kimekuwa chupa ya kioo na mdakale umekuwa mpira mrefu. Katika vyombo vyote viwili kazi ya maji ni kuupoza moshi. Moshi uliopoa haukwaruzi koo, kwa hiyo mtu huvuta kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi, huku nikotini na sumu nyingine zikipita.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika waraka wake wa mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha huchukua dakika 20 hadi 80, na kwamba mvutaji anaweza kuingiza moshi unaolingana na wa sigara 100 au zaidi. Ile inayoitwa ya matunda kwa kawaida ni tumbaku iliyolowekwa katika asali au molasi na kutiwa manukato ya tufaha au zabibu. Hata ikiwa ya majani yasiyo tumbaku, mkaa unaowaka juu yake hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Kwa mama mjamzito damu hiyo ndiyo inayomlisha mtoto.

Kuhusu turubai, lina hadithi yake. Tangu tarehe 1 Julai 2007 sheria ya England inakataza kuvuta, shisha ikiwamo, ndani ya sehemu ya umma iliyofungwa au iliyofungwa kwa kiasi kikubwa, na mahali penye paa panahesabiwa hivyo ikiwa nafasi zilizo wazi ukutani hazifikii nusu ya kuta zote. Ndiyo maana utakuta viti vya shisha viko nje. Lakini baridi ikiingia, baadhi ya wenye mikahawa hushusha mapazia ya plastiki pande zote ili wateja wapate joto. Niliwahi kukaa mahali pa namna hiyo mwezi wa Novemba na mdogo wangu ambaye hakuvuta hata mara moja. Majiko ya mkaa yalipita kati ya viti, mapazia yakiwa yamefungwa kwa kamba hadi chini, na haikupita saa moja alianza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga na miguu inamlegea. Tulipomtoa nje alipata nafuu, lakini mhudumu tuliyemweleza alitujibu tu kwamba dada amechoka. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu mahali penye mkaa unaowaka ni dalili za kaboni monoksidi, na anayezipata inafaa atoke hewani mara moja, kisha amwone daktari, hasa akiwa na mimba.

Basi usiache chakula unachokipenda. Kaeni ndani, ambako kwa sheria hakuna moshi, mbali na mlango wa kwenda nje, na mumeo ale nawe mpaka mmalize. Nyama mbichi iliyosagwa, kama kibbeh nayyeh ya Walebanoni, uiache mpaka ujifungue. Kama rafiki zake wanamngoja nje, nadhani kwa miezi hii minne iliyobaki wanaweza kungoja.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Shemeji yangu anarudi Dar es Salaam kutoka Uturuki na ameniambia ananiletea seti ya shisha ya kioo, nzuri kama pambo. Kuna mgahawa mmoja tulikula naye huko nyuma na nilikisifu sana chombo chao. Nipokee?

JIBU: Marahaba. Mpigie simu kabla hajafunga mizigo. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Uganda iliikataza katika sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, na Kenya na Rwanda zikafuata mwezi Desemba 2017, katazo la Kenya likigusa hata uingizaji wa bidhaa hiyo nchini. Ukimwambia afisa wa forodha kwamba ni pambo, utakuwa umempa shemeji yako kazi ya kujieleza mwisho wa safari ndefu. Mwambie akuletee badala yake lile birika dogo la shaba lenye mkono mrefu ambalo Waturuki huchemshia kahawa. Linaingia katika mkoba wa mkononi, na utalitumia kila siku.