Kabla ya somo la Ukimwi, uliza karo inalipwa na nani

Nimelea vikundi vya mabinti hapa Kisumu, mitaa ya Nyalenda na Obunga, na mtu akinijia anataka kuanzisha cha kwake cha kuzuia Ukimwi, simuulizi habari za Ukimwi. Namuuliza: msichana wa kidato cha pili pale mtaani kwenu, sodo zake hununua nani? Nauli je? Kama hajui, asichapishe tisheti kwanza. (Tisheti huwa haziachwi nyuma, sijui kwa nini.)

Maana yupo anayelipa. Kwenye fuo za Ziwa Victoria anaitwa jaboya, mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Mjini ni mubaba, mwanamume mkubwa mwenye pesa anayemgharamia binti, au ni kijana tu wa bodaboda anayembeba binti bure kila asubuhi mpaka siku atakapodai chake. Na usidhani binti hajui kondomu. Amefunzwa shuleni, kanisani, redioni. "Anti, nitamwambiaje avae na yeye ndiye amenilipia karo?" Swali hilo nimeulizwa na zaidi ya mmoja, na hakuna bango linalolijibu. Hapa kwetu si jambo la mbali: uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 17.5 kwa watu wazima wa Kaunti ya Kisumu, nchi nzima ikiwa 4.9.

Basi tugawe pesa? Ngoja. Kule Zomba, Malawi, familia za wasichana zilipewa pesa kila mwezi, na baada ya mwaka mmoja na nusu waliokutwa na virusi miongoni mwa waliokuwa shuleni walikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 3.0 kwa wasiopewa. Afrika Kusini walijaribu kitu cha jinsi hiyo, pesa kwa sharti la kuhudhuria shule, na tofauti haikuonekana. Lakini wasichana wale karibu wote walikuwa wanahudhuria shule tayari, wapewe wasipewe, na waliodumu darasani ndio walioambukizwa kidogo. Mimi nasoma hivi: pesa hukinga pale inapoziba pengo ambalo mwanamume alikuwa analiziba. Kwa hiyo tafuta pengo la mtaa wako. Karo ipelekwe shuleni moja kwa moja. Nauli iwe ndogo lakini ije siku inayojulikana, kwa sababu msaada mkubwa usio na tarehe humwacha binti akikopa kwa mtu yule yule. Mkopo wa biashara usimtwike mtoto wa miaka kumi na sita. Mwingize mama yake au nyanya yake kwenye chama cha kuweka akiba.

Halafu mlete muuguzi kwenye chama, siku ile ile ya kuweka akiba. Zahanati nyingi hufungwa kabla mwanafunzi hajatoka shule, na akienda Jumamosi anakutana na jirani kwenye foleni. Akija chamani, kupimwa kunakuwa sehemu ya mkutano. Hapo ndipo PrEP inaelezwa, vidonge ambavyo asiye na virusi humeza kila siku ili asiambukizwe, vilivyoanza kutolewa nchini kote 2017. Mweleze na nyanya pia. Chupa yake inafanana na ya ARV, dawa za wanaoishi na virusi, na nimeona binti akifukuzwa nyumbani kwa kudhaniwa mgonjwa, ilhali ndiye aliyekuwa anajikinga. Mabinti nao waambiwe wazi kwamba kidonge hicho hakizuii mimba wala kisonono.

Jambo moja nalirudia kila mkutano. Binti akibakwa, afikishwe hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, apewe dawa za siku 28 za kuzuia virusi. Wazee wakikaa kujadili fidia ya mbuzi, saa hizo zinakwisha wakiwa bado kwenye viti.

Wavulana nao wasisahaulike. Tohara, ambayo utafiti uliofanywa hapa hapa Kisumu ulionyesha inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban nusu, kwa miaka mingi imetolewa bure kwenye vituo vya serikali.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, sehemu nyingi za mabinti kukutania zilizokuwa chini ya DREAMS, mpango wa Marekani wa kuwakinga mabinti na Ukimwi, zilifungwa. Vikundi nilivyoona vikiendelea kukutana ni vile vyenye sanduku lao, hata likiwa na mia mbili mbili za akina mama mboga. Ndiyo maana nawasihi wenye vyama: wengi wetu hugawana pesa Desemba, zikaishia kwenye kuku na nguo za Krismasi, kisha Januari shule zinafunguliwa na mubaba anapiga simu. Sogezeni mgao hadi wiki ya kufungua shule. Hoja hiyo iletwe mkutano wa Oktoba au Novemba, kabla watu hawajaanza kuzipangia matumizi, na muuguzi aombwe mapema aje siku hiyo ya mgao. Siku hiyo hakuna mwanachama anayekosa.