Kiungo aliyezeekea klabu moja

Mkuu, umeuliza kama kuna kiungo wa madaraja ya chini Uingereza aliyezeekea klabu moja. Mcheki Matt Bloomfield. Alitoka klabu ya Ipswich Desemba 2003, akatua Wycombe, akakipiga pale hadi Februari 2022, mechi zaidi ya 500. Hakuwa fundi wa chenga, alikuwa mtu wa mbio na kukaba. Mei 2014 Wycombe walining'inia hasa, nusura washuke kutoka League Two, daraja la nne: siku ya mwisho wakaichapa Torquay 3-0, wakapona kwa tofauti ya mabao tu, Bristol Rovers wakashuka. Miaka 6 baadaye Wycombe wakapanda Championship, daraja la pili! Mtikisiko wa ubongo ndio uliomstaafisha Bloomfield. Akaanza ukocha katika klabu ya Colchester, kisha akarudi kuinoa Wycombe hiyohiyo, hadi klabu ya Luton walipombeba Januari 2025.