Mama, nimekugharimu kiasi gani?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji ni filamu gani ya vijana inayoonyesha kwa ukweli namna mtoto anavyoingia ukubwani. Jibu langu ni Lady Bird ya mwaka 2017, iliyoandikwa na kuongozwa na Greta Gerwig. Wachumba wa shuleni wamo, sherehe ya kumaliza masomo imo, na vichekesho vyake vinachekesha kweli. Lakini kinachomkomaza binti huyu ni fedha, na jinsi zinavyokosekana nyumbani kwao.

Christine McPherson, aliyejipachika jina la Lady Bird, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari ya Kikatoliki mjini Sacramento, California. Ni mwaka 2002. Mama yake, Marion, ni muuguzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili na hufanya zamu mbili kwa mpigo. Baba, Larry, anapoteza kazi. Binti anaona haya: baba akimpeleka shule anataka ashushwe kabla hawajafika getini, na kwa rafiki yake mpya mwenye uwezo anadanganya kwamba kwao ni kwenye jumba ambalo si lao.

Kuna ugomvi mmoja ambao kwangu ndio moyo wa filamu. Mama amekasirika, anakumbusha jinsi malezi yalivyowala. Binti anakamata karatasi na kalamu: taja kiasi! Akikua atapata pesa nyingi, atalipa deni lote, na baada ya hapo wasisemeshane tena. Mama anamjibu kwamba ana shaka kubwa kama atapata kazi ya kuweza kulipa kiasi hicho.

Mtu atasema mama huyu ni katili. Mimi namwona ni mtu aliyechoka, ambaye kila siku anapiga hesabu isiyotosha, na hakuna anayemuuliza. Niliitazama na binti yangu aliyemaliza kidato cha sita. Hapo alisimamisha filamu, akaniuliza ada yake ilitoka wapi mwaka ule baba yake alipopunguzwa kazini. Nikamwambia: kwenye kikoba, na mkopo wenyewe niliumaliza yeye akiwa kidato cha tano. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo kabla.

Saoirse Ronan anaigiza binti, Laurie Metcalf mama, na wote wawili wanajua kubadilika ghafla kama watu wa nyumba moja wanavyobadilika. Wakiwa dukani kwenye nguo za mitumba wanarushiana maneno huku wanapekua, sauti zinapanda, kisha mama anachomoa gauni moja na papo hapo wote wanalishangilia. Ugomvi umekwisha, hakuna aliyeomba radhi. Baadaye, akijaribu gauni jingine, binti anamwambia mama kwamba angependa awe anapendezwa naye. Mama anasema anataka tu awe katika ubora wake wote. Na kama ubora wangu ndio huu? anauliza binti. Mama anakosa jibu.

Binti anataka kusoma New York, na baba anamsaidia kimyakimya kuomba msaada wa ada. Mama akigundua, anamnunia mpaka siku ya safari. Uwanja wa ndege hashuki garini, eti kuegesha ni ghali. Anaondoa gari, machozi yanamshinda, anageuza, anakimbia ndani, na binti keshaingia. Hiyo gharama ya maegesho imeniuma kuliko hotuba yoyote. Mzazi aliyezoea kubana matumizi hujificha humo humo hata anapouguza moyo.

Nina lawama moja. Miguel, kaka yake, ana shahada lakini anafanya kazi dukani. Siku moja baba anatoka kwenye usaili, anamkuta mwanawe amekuja kugombea nafasi ileile, na bado anampa moyo. Eneo hilo lilistahili dakika zaidi, na Miguel mwenyewe pia.

Filamu iliteuliwa kuwania Oscar tano, ikatoka mikono mitupu. Ina lugha kali na mambo ya chumbani, kwa hiyo msiwawekee watoto wadogo. Mwenye kijana wa miaka 17 aketi naye, na akimuuliza pesa za nyumbani zinatoka wapi, amjibu kwa tarakimu kamili.