Milifoili ya bwawani siyo ile ya dawa

Mkuu, umeuliza kama majani yaliyojaa kwenye bwawa lako la samaki kule Hombolo, Dodoma, ndiyo ile milifoili inayosifiwa kuzuia damu, umchemshie mzee anayetokwa damu puani. Usichemshe. Mzee mpeleke apimwe presha kwanza. Jina hilo limebeba mimea miwili isiyo na undugu, na mmoja wao ulishanitia hasara.

Wa dawa unaota nchi kavu, kwenye malisho ya Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini. Kitaalamu ni Achillea millefolium, una vichala vya maua meupe, na ukoo wake ni huu huu wa alizeti tunayokamua mafuta. Hadithi za Wagiriki zinasema shujaa Achilles aliutumia kuganga majeraha ya askari wake. Millefolium kwa Kilatini ni majani elfu. Wa majini unaitwa Myriophyllum, yaani majani elfu kumi kwa Kigiriki. Yote miwili ina majani yaliyochanikachanika, basi watu wakaipa jina moja. Na hata huo wa nchi kavu, wajawazito hukatazwa kuunywa.

Sasa hasara yangu. Nilipoanza kufuga perege Ihumwa, muuza samaki wa mapambo wa Dar aliniuzia vishada vitatu, eti vitawapa vifaranga kivuli. Ilikuwa Myriophyllum aquaticum, asili yake Amerika Kusini. Inachomoza juu ya maji kama manyoya ya kijani-kijivu, ukiinyunyizia maji yanakaa kama shanga. Nzuri, sikatai. Kufika Februari sikuona maji tena, nikaingia na panga. Kumbe kila kipande chenye kifundo kinatoa mizizi! Iliyosambaa nje ya kwao karibu yote ni ya kike, mbegu haina, inaenea kwa vipande tu. Mimi nadhani nafyeka, kumbe napanda.

Siku chache baadaye, saa kumi na moja alfajiri, nikakuta perege wote juu, midomo wazi. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, nayo inaivuta kama samaki, na yale niliyofyeka yalikuwa yanaoza humo humo. Jua linatoka nimeshaokota ndoo mbili. Jirani yangu, mzee wa Kigogo, akaligeuzageuza jani akasema, "Mwanangu, hili kwetu hata jina halina."

Kilichoniokoa ni kiangazi chetu. Juni nikavua samaki wote, nikatoa maji, nikang'oa kwa mkono na mizizi yake, nikajaza viroba na kuvianika mbali na korongo ili mvua isije ikavipeleka kwa wengine. Tope likakauka na kupasuka hadi Novemba. Nyavu nazo nilianika.

Ila lako huenda hata siyo milifoili. Vuta shina moja. Kama halina mizizi kabisa, jani limegawanyika kama panda ya manati na linakwaruza vidoleni, hiyo ni Ceratophyllum, wa kawaida huku kwetu. Punguza kwa mkono, usimalize, na mabaki yote yatoe nje ya maji. Milifoili jani lake lina uti katikati na nyuzi huku na huku, kama unyoya wa kuku. Lilaze jani moja kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, piga picha, uiweke hapa tuione.